Piano ya Nuu Iko Ndani ya Sanduku la Bati

Wasee, swali moja kabla hatujaanza. Viti vya sebule ya kwenu vimeangalia wapi?

Najua jibu. TV. Sofa kubwa imeangalia TV, viti vidogo vimegeuzwa kidogo ndiyo navyo vione TV, na kabati lenye vitambaa vya kushonwa limejengwa kuizunguka. Umeme ukipotea, watu wanabaki wameketi wakiangalia kioo cheusi.

Mimi chuo niliacha, digrii ya historia sina. Lakini nimesoma vya kutosha kujua kwamba hiyo kona ya TV ilikuwa na mwenyewe mwingine zamani, kule Ulaya na Marekani. Ilikuwa kona ya piano.

Piano ilibuniwa na Muitaliano anaitwa Bartolomeo Cristofori, kule Florence, karibu mwaka wa 1700. Miaka mia moja baadaye mafundi wakaanza kuitengeneza ikiwa imesimama wima, ndiyo iweze kuegemezwa ukutani kwenye nyumba ya kawaida. Hapo ndipo sebule ikabadilika. Viti viligeuzwa vikaelekea piano. Ilisogezwa ukuta wa ndani, mbali na dirisha na moto, kwa sababu jua na joto huharibu mbao zake. Kando yake kulikuwa na kabati dogo au kistuli chenye mfuniko, na ndani yake ndimo karatasi za muziki zilipokaa. Wakati huo hakukuwa na redio. Ukitaka muziki jioni, mtu wa nyumba hiyo lazima aupige.

Kisha zikaja gramafoni, redio na TV. Piano ikasukumwa, karatasi zikapelekwa darini. Watu wakaacha kupiga muziki nyumbani wakaanza kusikiliza wa wengine.

Sasa nirudi kwetu. Nuu, Mwingi ya Kati, kaunti ya Kitui. Sijawahi kuona piano hata moja huko, na kusema kweli sishangai. Piano ya wima ina zaidi ya kilo 200. Ndani yake kuna nyuzi zaidi ya 200, na zote pamoja zinavuta kwa nguvu inayozidi tani 15. Inataka hewa isiyobadilika sana. Sasa hiyo uipeleke Ukambani, kwenye nyumba ya mabati, kiangazi miezi mingi halafu mvua ya ghafla? Ubao unakauka, unavimba, unapasuka, na fundi wa kuitengeneza yuko Nairobi. Piano zilikuja Kenya na walowezi, zikapanda treni kutoka Mombasa, zikashuka mijini na kwenye mashamba yao. Nairobi ikapata hata chuo chake cha muziki, Kenya Conservatoire of Music, mwaka wa 1944. Reli haikupita Nuu.

Halafu kuna jambo la pili. Muziki wa Mkamba haukuwa wa kufungiwa chumbani. Wanaume walikaa thome, pale nje penye moto, na hadithi zikapita hapo kutoka kwa wazee kwenda kwa vijana. Ngoma kama kilumi ilihitaji uwanja na watu wengi. Nyumba ilikuwa ya kulala na kupika. Kwa hivyo mtu akikuambia hatukuwa na muziki kwa sababu hatukuwa na piano, mwambie aende akasome tena.

Sasa ndiyo wanakuja wamishonari. Desemba 1895 Peter Cameron Scott, kiongozi wa kwanza wa Africa Inland Mission, alifika Nzaui, Makueni ya leo. Cha kushangaza ni kwamba huyu jamaa alikuwa amefunzwa uimbaji kabla ya kuingia kazi ya injili. Hakukaa sana, alifariki Desemba 1896. Misheni ilibaki, ikaenea Ukambani. Ngoma zetu nyingi zikaitwa za kishetani, na hilo sitalipaka sukari. Lakini pamoja na hizo nyimbo mpya kulikuja kitu kidogo ambacho watu hukidharau: sol-fa.

Sol-fa yenyewe ilianza Uingereza. Mwalimu anaitwa Sarah Glover aliibuni, na kuanzia miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaiboresha ili watu wa kawaida waweze kusoma muziki bila kumiliki ala yoyote. Haina mistari mitano wala vichwa vyeusi. Ni herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenganisha mapigo, kistari huvuta sauti. Doh unaiweka popote sauti za kwaya zinapofika. Unaweza kuiandika kwa kalamu ya mia moja kwenye daftari, ukaichapa kwa taipureta, na leo unaweza kuituma kwa WhatsApp.

Umeona hapo? Curwen alikuwa na maskini wa Uingereza kichwani, lakini kifaa chake kikatufaa sisi kabisa. Ni piano isiyo na uzito. Mwalimu wa kwaya akiwa na karatasi moja na sauti yake, anafundisha sauti zote nne, wiki inayofuata mko Mwingi mnashindana.

Na hizo karatasi ziliwekwa wapi? Muulize mwalimu yeyote wa kwaya aliyestaafu. Sanduku la bati, lile la kwenda nalo bodingi, chini ya kitanda. Ndani utapata nota za mashindano ya shule, za Krismasi, za harusi, na katikati ya hizo zote, nyimbo alizotunga mwenyewe kwa Kikamba. Nakala moja tu duniani.

Hapa ndipo nina shida na sisi vijana. Mzee akifariki, mambo ya kwanza tunayouliza ni shamba na ng'ombe. Sanduku linafunguliwa, mtu anaona herufi zisizoeleweka, d:m:s, anasema hizi ni takataka za shule. Zinawashia jiko. Vitabu vingi vya nyimbo makanisani vimechapa maneno tu, kwa hivyo sauti ikipotea kwenye karatasi na waimbaji wakizeeka, wimbo umekwisha.

Na usiniambie ni karatasi tu. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini. Mwaka wa 1897 alitunga wimbo, akauandika kwa sol-fa. Alifariki 1905 bila kujua utafika wapi. Leo Watanzania wanasimama wima kwa huo wimbo, ndio Mungu Ibariki Afrika. Njoo karibu zaidi, kwa majirani zetu wa mashariki, Tana River. Wimbo wetu wa taifa umetoka kwenye wimbo wa mama Mpokomo wa kumbembeleza mtoto. Mwaka wa 1963 wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, wakaupanga na kuuandika. Bembelezi ya kijijini ikawa wimbo wa nchi kwa sababu kuna mtu aliiweka kwenye karatasi.

Kwa hivyo Desemba hii ukishuka ushago, fanya hivi. Tafuta hilo sanduku. Liinue kutoka sakafuni, liweke juu ya mawe au mbao, maana mchwa wa Kitui hawajui historia. Toa pini, zinashika kutu. Usibandike selotepu, inageuza karatasi manjano. Weka kila wimbo kwenye bahasha yake na majani makavu ya mwarobaini pembeni, kama cucu anavyoweka kwa mahindi. Piga kila ukurasa picha mchana, nje ya jua kali. Kisha muhimu kuliko yote: keti na mwenye sanduku akiwa hai, mwambie aimbe, rekodi, na uandike kwa penseli nani alitunga na lini.

Na sebule, jaribu jioni moja tu. Zima TV, geuza viti viangaliane. Kama kuna kinanda cha betri, kiegemeze ukuta wa ndani. Kama hakuna, toa karatasi moja, mpe mzee atafute doh.

Kwenu nani ana sanduku kama hilo? Niandikie hapo chini. Usiandike jina lake, niambie tu wimbo wa zamani zaidi uliomo.