Jinsi Vipimo vya Akili ya Mtoto Vilivyofika Kenya

Mtoto wa miaka saba anatumwa kibandani Kisumu Ndogo, Kibera, jijini Nairobi, akiwa na noti ya mia. Ameambiwa alete sukumawiki ya ishirini, nyanya za kumi na mafuta ya kupima ya thelathini. Anarudi na vitu vyote na chenji ya arobaini, na mwenye kibanda akijaribu kumpunja, hakubali. Mwandikie mtoto huyo huyo 100 – 60 ubaoni, huenda akatumbua macho tu. Saikolojia ina namna mbili za kulieleza jambo hili: ama fikra zake bado hazijafika hatua ya kumudu hesabu asiyoweza kuishika mkononi, ama swali la ubaoni linapima kitu kingine kabisa. Historia ya utafiti nchini Kenya inaipa nguvu namna ya pili, ijapokuwa haiiachi ishinde kirahisi.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa aibu. Katika miaka ya 1930, Daktari H. L. Gordon wa Nairobi alivumisha dai kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa maumbile, akitegemea vipimo vya vichwa na ubongo wa maiti aliouchunguza F. W. Vint. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya akili ya Mathari, kikiendeleza mawazo ya aina hiyo kwa lugha ya kitaalamu. Wakati huo, Ulaya ilikuwa tayari na njia nyingine. Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa 1896, alipewa kazi jijini Paris ya kusahihisha majaribio ya akili ya watoto, naye akavutiwa zaidi na makosa yao kuliko alama zao. Mmiminie mtoto wa miaka mitano maji kutoka glasi pana hadi glasi nyembamba ndefu, atakwambia yameongezeka; miaka miwili mitatu baadaye atakucheka ukimuuliza. Piaget aliona kwamba jibu lililokosewa lina mantiki yake, na kwa hilo pekee anastahili heshima. Lakini hatua zake zilitokana na watoto wa Uswisi, wakiwemo watatu wa kwake mwenyewe, na majaribio yake yalipovuka mipaka, watoto wasiosoma wakaanza kuitwa wazito. Utafiti wa Mexico uliochapishwa 1969 ulitia dosari hukumu hiyo: watoto wa wafinyanzi walitambua mapema kuliko wenzao kwamba donge la udongo halipungui likibadilishwa umbo. Mwaka 1972 Piaget mwenyewe alikubali kwamba fikra za ngazi ya juu huenda zikajitokeza tu katika kazi ambayo mtu ameizoea.

Hapa nchini, mambo yaligeuka John na Beatrice Whiting walipoanzisha kitengo cha utafiti wa makuzi ya watoto katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960. Charles Super na Sara Harkness, waliokaa Kokwet miongoni mwa Wakipsigis katika miaka ya 1970, walikuta watoto walionyamaza walipoombwa na mtu mzima wasimulie hadithi. Mpimaji mwenye haraka angeandika sifuri. Kumbe nyumbani mtoto hufunzwa kusikiliza na kutekeleza alilotumwa, na kujieleza kwa kirefu mbele ya mkubwa mgeni si adabu. Kisha ukaja utafiti wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, uliochapishwa 2001 na Robert Sternberg, Elena Grigorenko, Frederick Okatcha na wenzao. Watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 walielezwa dalili za ugonjwa na kuulizwa ni mitishamba gani ingefaa. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Wazee wa Kijaluo wa hapo nao hawakuitaja akili kuwa kitu kimoja: kulikuwa na rieko, yaani maarifa na ustadi, luoro, heshima, winjo, kuelewa namna ya kushughulikia jambo, na paro, kufikiri na kuanzisha. Kati ya hizo nne, mtihani wa shule hugusa sehemu ya ile ya kwanza.

Mtu atauliza, na ana haki, watoto 85 wa kijiji kimoja watuambie nini kuhusu Nairobi? Kisumu Ndogo ina Wajaluo wengi, lakini mtoto wa pale hukua akiongea Sheng na majirani Wanubi, Waluhya na Wakamba, na rieko yake si ya mitishamba. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kusifu werevu wa mtaani kunaweza kugeuka kisingizio cha kumnyima mtoto vitabu na chakula. Ushahidi wa Embu unalipa pingamizi hilo uzito. Huko, wanafunzi wa darasa la kwanza walipewa githeri shuleni kuanzia 1998, na walioongezewa nyama walipanda zaidi ya wenzao katika jaribio la mafumbo ya michoro. Tena, watoto wa Embu waliopimwa 1998 waliwapita kwa mbali wale wa 1984 katika jaribio hilo hilo. Miaka 14 haitoshi kubadili maumbile. Wachunguzi walitaja wazazi waliosoma zaidi, familia ndogo, lishe na afya. Kwa hiyo umaskini huumiza fikra kweli, na alama ya chini si uzushi wa mpimaji kila mara. Ila Embu hiyo hiyo ndiyo inayomzika Gordon, kwa kuwa alama zikisogea na githeri, haziwezi kuwa hukumu ya kuzaliwa.

Mfumo wa mtaala wa umilisi wa 2017 unawataja Piaget na Lev Vygotsky, Mrusi aliyeshikilia kwamba mtoto hufikiri kwanza pamoja na wengine. Karatasi ni nzuri, ila lugha ya darasani ni jambo jingine. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera inataka madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya eneo, ambayo Nairobi ni Kiswahili, lakini shule nyingi za mitaani hukimbilia Kiingereza kwa sababu ndicho wazazi wanacholipia. Mtoto akiulizwa kwa Kiingereza ni glasi ipi ina maji mengi akakosea, mwalimu hana njia ya kujua kama kilichomshinda ni maji au ni swali.