Kuvu ya mapafu baada ya kifua kikuu (Thika na Ruiru)

Aspajilosisi sugu ni maambukizi ya kuvu ya Aspergillus, inayoota ndani ya mashimo yaliyoachwa na kifua kikuu (TB) kwenye mapafu. Mgonjwa hukonda na kukohoa damu, hivyo anayefika Hospitali ya Thika Level 5 au kituo cha Ruiru huonekana kama aliyerudiwa na TB. Kipimo cha GeneXpert kisipoona bakteria, asirudishiwe tu dawa zilezile za TB. Apigwe picha ya kifua na kupimwa kingamwili za Aspergillus. Wapo watakaosema kuanza dawa za TB ni tahadhari isiyo na hasara. Hasara ipo, tena kubwa: hazigusi kuvu, na rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huidhoofisha itrakonazoli, dawa ya kuvu inayohitajika kwa miezi 6 au zaidi.