Farasi 280, Farasi 140

Kwenye gemu la Gran Turismo 2, lililotoka Japani Desemba 1999, kuna gari linaitwa Toyota Chaser Tourer V. Kiwanda kililitangaza kuwa na nguvu ya farasi 280. Kwa macho ya mpita njia, gari hilohilo limekuwa likipita Barabara ya Kilwa kwa miaka mingi: pua ileile, mabega yaleyale, jina lilelile kwenye buti. Lakini fungua boneti usome kibati. Mara nyingi utakuta pameandikwa GX100, si JZX100. JZX100 ya Tourer V ina injini ya lita 2.5 yenye turbo. GX100 ina injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, na ile iliyotoka kiwandani mwaka 1996 ilikuwa na farasi 140. Nusu kamili.

Aliyelinunua hakutapeliwa. Chaser ni Chaser, na dalali hakusema uongo. Kilichomdanganya, kama kuna kitu kilimdanganya, ni kumbukumbu ya pedi mkononi na televisheni ya chogo mbele yake. Kizazi kizima cha vijana wa Kinondoni na Temeke kilijua magari kwa namba kabla ya kuyajua kwa mafuta, na namba zile zilitungwa kwa ajili ya barabara nyingine. Historia ya kukatishwa tamaa huko inaanzia mbali kuliko gemu lenyewe.

*

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, ili kuokoa fedha za kigeni. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka hiyo ya sabini, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Magari nayo yalikuwa adimu. Mtu angeweza kuwa na shilingi mfukoni na bado asipate gari, kwa kuwa dola ilikuwa mikononi mwa serikali. Mlango ulianza kufunguka na bajeti ya mwaka 1984, wakati Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha: aliyekuwa na fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi. Mwaka uliofuata akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, na neno likawa ruksa.

Kwa hiyo vitu viwili vilifika Dar es Salaam karibu kwa pamoja, kwenye nyumba za watu wa kawaida: kioo cha kutazamia na gari la mitumba. Gran Turismo la kwanza lilitoka Japani Desemba 1997, miaka mitatu tu baada ya televisheni kuanza Bara. Mtunzi wake mkuu, Kazunori Yamauchi, alikuwa amelifanyia kazi kwa takriban miaka mitano. Magemu ya magari ya wakati ule yalikuwa ya kupaa na kulipuka. Hili lilijitangaza kuwa ni uendeshaji wa kweli. Lilikupa mtaji wa 10,000, pesa ya kwenye gemu, likakuacha uende ukanunue gari. Kwa mtaji huo, gari jipya la maana hulipati. Unaenda kwenye yadi ya mitumba.

Hapo ndipo kijana wa Mwananyamala alipojiona yuko nyumbani. Watoto wa Marekani na Ulaya waliyashangaa yale majina: Mark II, Chaser, Vitz, Demio. Kwao baadhi yake hayakuwahi kuuzwa kwa majina hayo. Sisi tuliyasoma kila siku migongoni mwa magari kwenye foleni ya Mkwajuni. Japani huendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia kama wetu, na sheria yao ya ukaguzi wa magari, inayoitwa shaken, huanza gari likitimiza miaka mitatu na kurudi kila baada ya miaka miwili. Gharama zake humfanya Mjapani aachane na gari ambalo kwetu bado ni bichi. Linapelekwa mnadani, linapanda meli, linashushwa bandarini, upande wa Kurasini. Yadi ya mitumba ya kwenye gemu na yadi za Kinondoni zilijazwa na bomba moja.

*

Mabanda ya gemu hayakuwa rafiki wa Gran Turismo. Biashara ya banda ni kulipia mechi, na mechi ya mpira inaisha. Aliyefungwa anapisha, mwingine analipa. Mbio za Gran Turismo zinataka mtu mmoja, saa nyingi na memori kadi yake mwenyewe, maana bila kadi kila siku unaanza upya na 10,000 yako. Kabla hujashindana unafanya mitihani ya leseni. Wa kwanza ni wa kuchekesha: ondoka, ongeza kasi, kisha simama ndani ya mstari. Wengi waliona unachosha wakarudi kwenye mpira.

Waliobaki walikuwa watu wa aina fulani. Walijifunza kwamba gari linaloendeshwa na matairi ya mbele huvuta pua nje ya kona, na la matairi ya nyuma hutupa mkia. Walijua uwiano wa gia, ugumu wa springi, uzito wa mbele na wa nyuma. Mambo hayo wengi hawakufundishwa kwenye shule ya udereva. Mjomba alipotaka kuagiza gari, kijana wa kidato cha tatu ndiye aliyeulizwa. Naye alijibu kwa kujiamini, kwa sababu alishaliendesha.

Lakini hata namba za kiwanda zilikuwa na siasa yake. Tangu mwaka 1989 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kiungwana: hakuna gari la kuuzwa nyumbani litakalotangazwa kuwa na zaidi ya farasi 280. Makubaliano yalidumu hadi 2004. Katikati yake, magari kadhaa yalizalisha zaidi, ila kwenye karatasi yalibaki 280 kwa heshima. Kuanzia Gran Turismo 3 la mwaka 2001, ulikuwa ukinunua gari na kulibadilisha oili, namba ya farasi inapanda. Fundi yeyote wa Tandika angecheka. Kwake oili mpya huokoa injini, haiongezi farasi wa kuhesabika. Kwa hiyo hata uhalisia uliosifiwa ulikuwa na mapatano ndani yake: ya viwanda, ya watunzi, na ya sisi tuliotaka kuamini.

*

Gari lililobeba matumaini makubwa kuliko yote lilikuwa Altezza. Toyota ililizindua Oktoba 1998, na mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, alikuwa miongoni mwa walioshiriki kutengeneza AE86, ile Corolla nyepesi ya miaka ya 1980 inayoabudiwa na wapenda mbio. Watu wakategemea mrithi. AE86 ilikuwa na uzito chini ya kilo 1,000. Altezza ilizidi kilo 1,300. Lilikuwa gari zuri, likapewa tuzo ya gari bora la mwaka Japani, lakini waliosubiri kisu walipewa panga. Kukatishwa tamaa na Altezza kulianzia kwao, kabla ya kufika kwetu.

Kwetu kulikuja kwa njia nyingine. Altezza ya sifa ni RS200: mitungi minne, gia sita za mkono, farasi 210. Ndiyo iliyojaa kwenye magemu. Lakini kulikuwa na ndugu yake, AS200, mwenye mitungi sita na farasi 160, injini ya ukoo uleule wa GX100. Huyo, akiwa na gia za otomatiki, ndiye aliyezoeleka mjini. Taa za nyuma ni zilezile, zile za duara zenye kioo cheupe zilizoigwa dunia nzima. Saa ya dashibodi ni ileile ya mtindo wa saa ya mkononi. Kijana analiwasha, anakanyaga, anasubiri. Farasi hamsini hawapo, na gia ya pili inachelewa kama bibi arusi.

Kwa nini ndugu mnyonge ndiye anayekuja? Sababu moja ni kodi. Ushuru wa bidhaa Tanzania umekuwa ukipanda kwa ngazi za ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 hakuna, hadi 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni 10. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka. Japani nao hutoza kodi ya gari kila mwaka kwa ngazi za ukubwa wa injini, na cc 2,000 ni mojawapo ya mipaka hiyo. Injini ya GX100 ina cc 1,988. Haikufika 1,988 kwa bahati. Ilikatwa ipite chini ya kamba ya Wajapani, na ikaja kupita chini ya kamba yetu pia. Ya Tourer V ina cc 2,491, inakula kodi huko, inakula kodi hapa, halafu inakula mafuta Mbagala hadi Posta kwenye foleni ya saa mbili. Mjomba si mjinga.

*

Kuna jambo jingine ambalo gemu lilifundisha kinyumenyume. Kwenye Gran Turismo, ukitaka gari likamate kona unalishusha. Fundi wa Dar es Salaam anafanya kinyume: analinyanyua. Vitz na IST zinawekewa spesa juu ya springi ili tumbo lisisugue matuta na makorongo ya mitaa isiyo na lami. Ukimwambia fundi kwamba uzito sasa uko juu na gari litalala kwenye kona, atakuuliza kona ipi.

Tena ana ushahidi wa kihistoria, hata kama haujui. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 zilishindwa na mtu wa Dar es Salaam: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa, akiendesha Peugeot 404 pamoja na Chris Rothwell. Peugeot 404 ni gari la familia. Halikuwa na farasi wa kutisha. Lilikuwa na springi laini zenye mwendo mrefu, na uwezo wa kupigwa na mashimo siku nzima na kuamka kesho. Hadi miaka ya 1990, timu kubwa zilizokuja Safari zilinyanyua magari, zikaweka ngao mbele na bomba la kuvutia hewa juu ya maji. Mwaka 1997, mwaka uleule wa Gran Turismo la kwanza, Colin McRae alishinda Safari kwa Subaru Impreza iliyoandaliwa hivyo. Kutengeneza gari kwa uhalisia wa hapa ni kazi yenye ukoo. Haikupewa tu ukurasa kwenye menyu ya gemu.

Ndiyo maana orodha ya magari yanayokatisha tamaa hubadilika kutegemea umesimama wapi. Vitz ya mwaka 1999, yenye lita 1.0 na farasi 70, ni mzaha kwenye gemu. Unaipanda mara moja kucheka na wenzako. Temeke, gari hilo limesomesha watoto. Fundi wa kila kona anazijua bushi zake. Spea zinapatikana Ilala, mpya na za mtumba. Kwenye skrini hakuna kipimo cha mambo haya, kwa kuwa kwenye skrini gari halichoki. Hata kubonyea hakukuonekana katika mfululizo huo mkuu hadi toleo la tano, mwaka 2010. Kwa zaidi ya miaka kumi tulifundishwa kona na gari lisilopata mkwaruzo, kwenye barabara isiyo na bodaboda wala mtoto aliyefuata mpira.

Hilo si jambo la kuchekea. Altezza ya AS200 ina farasi pungufu, lakini bado inasukumwa na matairi ya nyuma. Mvua za masika zikishika, matairi yakiwa yameisha na shokapu zimekufa, farasi 160 wanatosha kabisa kutupa mkia. Namba ilimfanya kijana aone gari lake ni dhaifu, na anayeona gari lake dhaifu hukanyaga zaidi. Mtihani wa leseni uliowachosha wengi, ule wa kusimama ndani ya mstari, ndio pekee uliohusu maisha yetu.

*

Siku hizi uhalisia unatafutwa kwingine. Mwaka 2017 kampuni ya Maleo ya Indonesia ilitoa gemu la simu la kuendesha mabasi, Bus Simulator Indonesia, lenye mlango wa mchezaji kuingiza rangi na magari yake. Vijana wa Afrika Mashariki waliingia kwa mlango huo. Wameyavalisha mabasi ya Java rangi za mabasi ya mikoani yanayotoka Dar es Salaam alfajiri, wametengeneza miili ya Kichina tunayoipanda, na honi tunazozijua. Barabara bado ni ya Indonesia, nao huendesha kushoto.

Katika gemu hilo hakuna anayeuliza farasi. Wanabishana kama kioo cha mbele kimekaa sawa, kama jina limeandikwa kwa herufi zilezile, kama basi linainama inavyopaswa likiwa limejaa. Ni mabishano ya watu wanaopima gari kwa lile walilolipanda.