Maji Yanayotangulia Damu

Muhimbili ilipoanza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008, mgonjwa wa Mbeya au Iringa alipata njia fupi kuliko ya India: basi, mteremko wa Kitonga, Dar. Husifiwa madaktari na mashine. Mimi nimenasa kwenye maji.

Mirija ya mashine ya moyo na mapafu haipaswi kuwa na hewa, hivyo hujazwa kwanza. Kwa mtu mzima, kama lita moja na nusu. John Gibbon alipofanikiwa Philadelphia mwaka 1953, alijaza damu ya wachangiaji. Baadaye wapasuaji wakahamia maji, damu ikaokolewa. Ila maji ya chumvi yana kloridi nyingi kuliko damu, huivuta kwenye tindikali, na tindikali ikizidi, moyo unaotakiwa kuamka hulegea.

Dawa ilikuwepo tangu 1932. Alexis Hartmann, daktari wa watoto Marekani, aliongeza laktati kwenye maji ya Mwingereza Sydney Ringer; ini huigeuza kuwa baikaboneti, tindikali ikapungua. Aliwafikiria watoto wanaoharisha, si mioyo.

Dripu hiyohiyo mdogo wangu aliwekewa Iringa, akiwa na mwaka mmoja, macho yamezama. Bibi alikesha akihesabu matone.