Kansa ya Tezi: Habari Zake Toka Shinkolobwe Hata Siku Hizi

Wazee wametuachia neno hili: Mficha maradhi, kifo humwumbua. Nataka kuwaeleza habari za ugonjwa mmoja ambao wengi huuficha, au huudhani kuwa ni mwingine. Huanza na uvimbe shingoni, kwapani au kinenani. Mara nyingi hauumi. Mgonjwa hupaka dawa, husema ni mtoki tu, utapoa wenyewe. Wengine hudhani ni kifua kikuu cha tezi, na pengine wanadhani sawasawa. Lakini mara nyingine ni limfoma, yaani kansa ya tezi na ya chembe nyeupe za damu.

Historia ya kuutibu ugonjwa huu imepita kwetu Katanga, imepita Uganda, na leo imefika mahali ambapo hata madaktari hawakupatazamia. Yafaa tuijue, maana ndani yake mna sifa ya Afrika, na mna swali zito pia.

JIWE LA SHINKOLOBWE

Mwaka 1915 mawe yenye urani yaligunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville zamani za Wabelgiji. Ndani ya mawe hayo mna radiamu kidogo sana, ile ambayo Bibi Marie Curie na mumewe Pierre waliitambua huko Paris mwaka 1898. Watu wetu waliyachimba, yakasafirishwa mpaka Olen, katika nchi ya Ubelgiji, na tangu mwaka 1922 Union Minière ilitoa radiamu humo. Mawe ya kwetu yalikuwa na mali kupita mawe ya Marekani, hata machimbo ya huko yakashindwa, na bei ya radiamu ikashuka duniani. Madaktari wa Ulaya wakaitumia kutibu kansa za namna nyingi. Baadaye urani ya Shinkolobwe ilitumika pia katika bomu lililotupwa Hiroshima mwaka 1945, lakini habari hiyo ni ya siku nyingine.

Kisha ikaja kobalti. Hapa Kolwezi hata mtoto mdogo analijua neno hilo. Mwaka 1951, nchini Kanada, wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa mashine yenye kobalti iliyotiwa kwanza katika tanuru ya atomu, ili itoe miali. Mashine za namna hiyo zikaenea, zikawafaa sana wenye limfoma isiyoenea mwilini. Sisemi kwamba kila mashine ilikuwa na kobalti ya kwetu. Nasema tu kwamba nchi hii, ambayo leo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, imekuwa katika habari za kansa tangu mwanzo. Tumetoa mawe. Je, tumepokea nini?

MTOTO WA MULAGO

Sasa twende Uganda, maana miali huponya mahali inapoelekezwa tu, na limfoma mara nyingi hutembea mwili mzima. Ilihitajika dawa ya kuifuata kila mahali.

Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell, wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya za juu na za chini, kulia na kushoto. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland, Mprotestanti mwenye kupenda sala, naye alipotewa na jicho moja tangu utoto wake. Hakuujua ugonjwa ule. Baada ya wiki chache, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Hapo akaanza kuulizauliza. Mwaka 1958 aliandika habari hizo, na mwaka 1960 wenzake wa maabara, O'Conor na Davies, walionyesha kwamba ni limfoma.

Fedha hakuwa nazo nyingi. Alituma karatasi zenye picha kwenye hospitali za serikali na za misioni, akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hii. Kisha, mwezi wa Oktoba 1961, yeye na madaktari Edward Williams na Clifford Nelson walipanda gari kuukuu, wakasafiri wiki kumi, kilometa 16,000 hivi, hospitali kwa hospitali, mpaka kusini mwa Afrika. Waliona kwamba ugonjwa huo uko katika nchi za joto na mvua, zile zenye malaria nyingi, wala hauonekani milimani kwenye baridi. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wa London, walivikuta virusi vipya ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Ndivyo virusi vya kwanza vilivyojulikana kuhusika na kansa ya binadamu.

Mulago haikuwa na mashine ya miali. Kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa zilizokuwa mpya wakati ule, mojawapo ikiitwa siklofosfamidi. Ajabu ilikuwa hii: baadhi ya watoto walipata sindano chache tu, uvimbe ukayeyuka, na wengine wao hawakuugua tena. Wakati huo madaktari wengi wa Ulaya hawakuamini kwamba dawa peke yake yaweza kuiponya kansa.

Mwaka 1967 ikafunguliwa pale Mulago nyumba ya kutibu limfoma, chini ya Daktari John Ziegler, na mwaka 1972 Charles Olweny, mwana wa Uganda, akashika uongozi. Watumishi wa nyumba hiyo walikwenda mpaka vijijini kuwatafuta waliotibiwa: nani mzima, nani ameugua tena, nani amezikwa. Tulishike sana jambo hili. Daktari akiwahesabu wale tu wanaorudi kumshukuru, hataujua ukweli wa dawa yake.

DAWA NNE, KISHA YA TANO

Kwa watu wazima, dawa nne ziliunganishwa pamoja katika miaka ya 1970, na siklofosfamidi ile ile ya Kampala ni mojawapo. Mwaka 1997 dawa ya tano, rituksimabu, ilipata kibali Marekani. Hii hushika alama iliyoko juu ya chembe za limfoma. Kwa dawa hizi tano, katika wagonjwa 10 wenye limfoma kali iliyo ya kawaida kwa watu wazima, 6 hivi hupona kabisa.

Na wale wanne waliobaki? Hali yao ilikuwa ya kusikitisha. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya habari za wagonjwa 636 ambao dawa ziliwashindwa, au ambao kansa yao ilirudi upesi. Dawa zilizofuata ziliondoa kansa yote kwa 7 tu katika 100, na nusu ya wagonjwa hawakupita miezi 6 na siku chache.

ASKARI WALIOFUNDISHWA UPYA

Mwenyezi Mungu ameweka askari katika damu yetu. Wamoja wao huitwa chembe za T. Huua chembe zilizoingiwa na virusi, lakini kansa huwapita kwa sababu imevaa sura ya mwenyeji. Mwaka 1989 Zelig Eshhar na wenzake huko Israeli walionyesha kwamba chembe za T zaweza kupewa kishikio kipya, ziyatambue maadui tunayozionyesha. Ilichukua miaka 20 kazi hiyo ifike kitandani kwa mgonjwa. Mwaka 2010 madaktari wa Bethesda, Marekani, walitangaza habari za mtu mzima mwenye limfoma aliyepata nafuu kwa njia hii. Mwaka 2012, mjini Philadelphia, mtoto Emily Whitehead, mwenye kansa ya damu, alipewa chembe zake mwenyewe zilizofundishwa. Homa kali ilikaribia kumwua. Akaokolewa kwa dawa ya ugonjwa wa viungo, na kansa ikatoweka.

Kazi yenyewe huenda hivi. Damu ya mgonjwa hupitishwa katika mashine, chembe za T zikatolewa. Hupelekwa kiwandani, zikatiwa jeni mpya kwa kutumia virusi visivyoweza tena kuleta ugonjwa, zikazalishwa mpaka ziwe mamilioni. Baada ya wiki kadhaa hurudishwa mwilini kwa mshipa. Hatari yake ni homa kali na kuvurugika kwa akili kwa siku kadhaa, na udhaifu wa mwili mbele ya magonjwa mengine kwa muda mrefu. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliagiza pia onyo liandikwe, kwa kuwa wagonjwa wachache sana walipata kansa nyingine baada ya matibabu haya.

WAGONJWA WA KUCHAGULIWA NA WAGONJWA WA KAWAIDA

Mwezi wa Oktoba 2017 Marekani iliruhusu dawa ya namna hii kwa limfoma ya watu wazima. Katika majaribio watu 101 walikuwa wamerudishiwa chembe zao. Kansa ilipungua sana au ilitoweka kwa 82 katika 100, na kwa 54 ilitoweka yote. Baada ya miaka 5, kama 43 katika 100 walikuwa hai.

Hapo wenye busara wakauliza swali la Mulago. Wagonjwa wa majaribio huchaguliwa: figo nzima, moyo mzima, nguvu bado zipo. Itakuwaje kwa wazee, na kwa wenye maradhi mengine, wale wanaofika hospitali kila siku?

Jibu lilitolewa mwaka 2020 na hospitali 17 za Marekani. Wagonjwa 298 walitolewa damu, na 43 katika 100 wasingalipokelewa katika majaribio kwa sababu ya hali yao. Waliorudishiwa chembe ni 275. Kati yao kansa ilipungua sana au ilitoweka kwa 82 katika 100, hesabu ile ile ya majaribio, na kwa 64 ilitoweka yote. Baada ya mwaka mmoja 68 katika 100 walikuwa hai. Lakini 31 katika 100 walivurugika akili kwa ukali, na 4 hivi katika 100 walikufa si kwa kansa, bali kwa mambo mengine. Nao wale 23 waliotolewa damu wasirudishiwe tuwakumbuke, maana wako wasiofikia mwisho wa kungoja.

Basi dawa hii ni ya kweli. Si ya kumponya kila mtu, lakini wako wengi wanaoishi leo ambao zamani wangalizikwa.

SISI TULIO NJE YA HESABU

Katika hesabu hizo zote hakuna mtu wa Kolwezi. Mwaka 2017 dawa ile peke yake, bila kitanda wala wauguzi, iliuzwa dola 373,000. Mwaka 2023 India iliruhusu dawa ya namna hii iliyotengenezwa na wana wa nchi hiyo, nayo bei yake wakati huo ilikuwa kama dola 50,000. Bei imeshuka sana, lakini mchimbaji wa Musonoi bado haifikii.

Tunakumbuka yule Msamaria wa Injili. Alimfunga majeruhi vidonda, kisha akamlipia mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kuongeza kama gharama ikizidi. Huruma yake ilikuwa na mfuko. Nchi inayotoa kobalti kwa magari ya dunia yote ina haki ya kuuliza mfuko wake uko wapi mgonjwa wake anapolala njiani.

Hata hivyo tusianze kujenga nyumba kwa paa. Zile dawa tano zinaponya 6 katika 10, na Shirika la Afya la Dunia limeitia rituksimabu katika orodha ya dawa za lazima tangu mwaka 2015. Hizo, na maabara ya kuutambua ugonjwa mapema, ndizo za kudai kwanza. Zingewaokoa watu wetu wengi zaidi kuliko chembe zilizofundishwa, nazo ni za bei ndogo zaidi.

Nasi tuna kazi yetu. Ukiona uvimbe wa tezi usiopungua kwa wiki nne, hasa ukiwa na homa, jasho jingi la usiku au kukonda, nenda hospitali. Kama umepewa dawa za kifua kikuu na uvimbe hausikii, usizitupe dawa na usikate tamaa. Rudi kwa daktari, uulize kama kipande cha tezi chaweza kukatwa na kupimwa. Makatekista na wazee wa jumuiya, tunapowatembelea wagonjwa tusiishie kwenye sala. Tuulize uvimbe umeanza lini, na tumsindikize mgonjwa mpaka mlangoni mwa daktari.