Snokeli Ilichukua Sifa, Mpira Ukafanya Kazi

Wasee wa magari makubwa, mnapenda snokeli sana. Nawaelewa. Picha za Safari Rally za miaka ya 90, ile Toyota Celica na Subaru Impreza zikiwa na bomba limepanda kando ya kioo, zilituharibu wote. Lakini hakuna anayeuliza difu ya nyuma inapumulia wapi, na mimi naona hiyo ndiyo stori yenyewe.

Difu ni lile tumbo la chuma katikati ya ekseli. Ndani mna gia na oili. Gari likienda mbali oili inapata moto, hewa inapanuka, na isipopata njia itasukuma oili ipite kwenye sili. Ndiyo maana juu ya ekseli kuna kipumulio, katundu kadogo ambako wengi hatujawahi kukaona. Sasa ingiza hiyo difu moto kwa mto baridi. Hewa inasinyaa ghafla, difu inavuta pumzi, na katundu kako chini ya maji. Itavuta nini? Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Na gari litavuka fiti kabisa, hata utapost video. Beringi zitaanza kulia wiki kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau mto.

Majeshi yalipigana na tatizo hili la maji kwa wingi mwaka wa 1944. Tarehe 6 Juni, malori na jeep za Uingereza na Marekani zilishuka kutoka kwa meli hadi maji ya chumvi ufukweni Normandy, Ufaransa. Nyaya zilipakwa grisi nzito, mabomba ya hewa yakapandishwa juu, matundu ya kupumua yakazibwa. Shida ni kwamba gari lililozibwa hivyo haliwezi kwenda mbali, lingechemka. Kwa hivyo ukifika nchi kavu, kazi ya kwanza ni kuzibua. Manze, fikiria unatafuta plagi chini ya lori na risasi zinapita.

Dawa ya kudumu ni rahisi hadi inachekesha: usizibe, hamisha. Chomeka mpira pale kipumulio kilipo, upandishe kwa chesi hadi kwa boneti au nyuma ya taa. Land Rover za mashindano ya Camel Trophy, yaliyopita Zaire 1983 na Tanzania na Burundi 1991, zilikuwa na mipira kama hiyo. Kwa picha utaona snokeli tu.

Na sisi ndivyo tunavyokumbuka. Safari ya 1963 ilimalizwa na magari 7 pekee, ya 1968 tena 7, na zote mbili Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda na Peugeot 404, gari la kawaida la familia. Majina ya madereva tunayo. Ya mafundi waliolala chini ya hayo magari usiku, nani anayajua?

Fundi wa Grogan atakufanyia hii kazi kwa mpira wa mafuta na klempu mbili, bei haifiki hata karibu na ya snokeli. Mwambie auache mpira ulegee kidogo, kwa sababu ekseli hupanda na kushuka. Mdomo wa juu uangalie chini, mvua isiingie.

Ila usinielewe vibaya. Desemba 2021, kwa Mto Enziu kule Kitui, basi lilisombwa na watu zaidi ya 30 wakafa. Pale hakuna mpira ungesaidia. Maji yanayokimbia hayahitaji kuingia kwa difu, yanabeba gari zima.

Kama ulishavuka msimu huu na mpira huna, acha gari litulie usiku mzima, kisha asubuhi legeza plagi ya chini ya difu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hivyo yatatangulia. Ukiyaona, mwaga yote.