Fuwele za kuchuja eksirei

Fuwele za kuchuja eksirei ni vipande vya madini au silikoni vinavyotumiwa kutenganisha mwale wa eksirei kufuatana na urefu wa mawimbi yake, au kuruhusu urefu mmoja tu. Mche wa kioo unaotenganisha rangi za nuru haufai hapa, kwa sababu eksirei hupinda kidogo mno ndani ya kioo.

Mojawapo ya fuwele hizo ni ulanga (pia: mika), madini yanayopatikana katika Milima ya Uluguru, ambayo mji wa Morogoro nchini Tanzania uko chini yake. Ulanga ulichimbwa huko tangu ukoloni wa Kijerumani. Soko lake kubwa lilikuwa vihami vya umeme, si maabara za eksirei.

Ulanga umejengwa kwa matabaka ya atomi, ndiyo maana hubanduka kwa ukucha kama kurasa za kitabu. Mwishoni mwa mwaka 1912 Lawrence Bragg, mwanafunzi huko Cambridge, Uingereza, alielekeza mwale mwembamba wa eksirei kwenye kipande cha ulanga, akaona umeakisiwa kama nuru kwenye kioo. Kila tabaka huakisi kidogo, na miale hiyo huimarishana pale tu ambapo:

nλ = 2d sin θ

Hapa λ ni urefu wa wimbi, d ni umbali kati ya matabaka, θ ni pembe kati ya mwale na matabaka, na n ni namba kamili. Kwa ulanga d ni takriban nanomita 1. Eksirei za shaba zenye wimbi la nanomita 0.154 huakisiwa kwa pembe ya digrii 4.4 hivi. Fuwele ikigeuzwa, wimbi jingine hupata zamu.

Ulanga hukunjika bila kuvunjika. Mwaka 1932 Yvette Cauchois, mjini Paris, alitumia ulanga uliopindwa ili kukusanya miale ya wimbi moja mahali pamoja.

Kasoro yake ni kwamba pembe ileile huakisi pia nusu na theluthi ya wimbi linalotakiwa, kwa hiyo kama chujio si safi. Silikoni iliyokatwa sambamba na matabaka yaitwayo 111 karibu haiakisi nusu hiyo. Katika sinkrotroni, mitambo inayotoa eksirei kali sana, hutumiwa fuwele mbili za silikoni: ya kwanza huchagua wimbi, ya pili huurudisha mwale kwenye mwelekeo wake wa awali. Ya kwanza hupata joto kali, na mara nyingi hupozwa kwa nitrojeni kimiminika.